Mwanamke wa Ghorofa ya Juu

Mashine ile iliingia Mpanda kwa treni kutoka Tabora, imefungwa kwa vipande vya magodoro na kamba za katani, na fundi redio aliyekuja kutusaidia kuishusha stesheni alidhani ni friji. Ilikuwa mashine ya gemu ya Kijapani, ya zamani, ndefu kama kabati la nguo, yenye skrini, kirungu kimoja cha kuongozea na kitufe kimoja chekundu. Bosi wangu, mwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, pale Majengo, aliikuta Dar es Salaam kwenye uwanja wa mtu anayeuza vitu vilivyotumika kutoka Japani, imesimama kati ya injini za magari na baiskeli. Alisema aliiona ikimwangalia.

Mimi nilikuwa DJ wa kibanda kile. Si DJ wa muziki. Sisi ni wale tunaokaa pembeni ya televisheni na maiki, tunatafsiri filamu za Kichina na za Kihindi wakati zinachezwa, watu wa Majengo na Makanyagio wakiwa wamebanana kwenye mabenchi. Kichina sikijui, Kihindi sikijui. Nilikuwa nasoma nyuso, nasikiliza muziki unavyobadilika, kisha nasema. Nilizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, nyumbani tuliongea Kirundi, na yako maneno ya Kiswahili ambayo mpaka leo yanatoka mdomoni mwangu na sauti ya mama yangu. Watazamaji hawakujali. Walichotaka ni mtu wa kuwaambia huyu ni nani na analia nini.

Umeme ndio uliotutesa kwanza. Mashine ilitengenezwa kwa umeme mdogo kuliko wetu, kwa hiyo ilikaa na transfoma yake pembeni, kitu kizito cha chuma kilichopata moto kila kilipowashwa. Bosi alikuwa akiigusa kwa mgongo wa kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Soketi nzuri ilikuwa moja tu, karibu na mlango, na ndiyo sababu mashine iliwekwa pale, na ndiyo sababu mtu aliyekaa nje barazani aliweza kuona kila kitu.

Gemu lenyewe lilianza na picha fupi. Mwanamume mdogo aliyevaa kofia pana ya majani ameketi na mke wake, bakuli katikati yao. Paa linapasuka. Dude jekundu lenye pembe linaingiza mkono, linamnyakua mwanamke, linapanda naye mnara. Chini kinabaki kiatu kimoja. Basi. Baada ya hapo ni kazi: yule mwanamume anapanda ngazi, anaruka mashimo, anakwepa vyungu vya moto ambavyo dude linavitupa kutoka juu. Akiunguzwa anaanguka chali, muziki unalia kidogo, halafu anasimama tena chini kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka roho zake tatu ziishe. Akifika juu, anamkuta mke wake. Moyo mwekundu unatokea kati yao. Kabla hawajagusana, dude linamnyakua tena, linapanda ghorofa nyingine, na moyo unapasuka vipande viwili.

Kwenye gemu hakuna aliyesema neno. Mara moja moja ilitokea mistari ya herufi za Kijapani, ikakaa kidogo, ikafutika.

"Na hii uitafsiri," bosi aliniambia.

"Bosi, hawa watu hawaongei."

"Ndiyo maana nakuambia uitafsiri."

Nilipoanza niliona ni kazi ya mchezo. Kumbe ilikuwa ngumu kuliko filamu. Kwenye filamu mtu akifungua mdomo unajua zamu yako imefika. Pale hadithi yote ilikuwa imebanwa kwenye vipicha vya kupepesa jicho, na kati ya kipicha na kipicha kuna kurukaruka tu. Waliolitengeneza gemu lile walitaka ujue mambo matatu: amechukuliwa, anafuatwa, hajapatikana bado. Mengine waliyaacha. Na watu wa barazani hawakukubali mengine yaachwe.

Aliyeanza kuuliza ni dada mmoja aliyekuwa akiuza karanga na mihogo ya kuchemsha pale mlangoni petu. Alikuwa Mkonongo, ametoka upande wa Inyonga, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Mume wake alikuwa mrina asali. Msimu ule alikuwa porini na wenzake wawili, na dada huyu alikuwa hana wasiwasi naye, kwa sababu wanaume wa kwao huingia msituni wakakaa hata zaidi ya mwezi.

Siku moja alinyoosha kidole kwenye skrini. "Huyo mwanamke huko juu anakula nini?"

Vijana wakacheka. Mimi nikatazama skrini. Yule mwanamke wa kwenye gemu hakufanya chochote isipokuwa kuinua mikono miwili na kuishusha, kuinua na kuishusha, uso wake ule ule.

"Anapewa wali," nikasema kwenye maiki.

"Na lile dude?"

"Ndiyo."

"Mbona linampa wali na kumfunga halijamfunga? Kwa nini hashuki mwenyewe?"

Hapo hata vijana walinigeukia. Nikasema ngazi zimewashwa moto. Dada akatazama skrini kwa makini, akasema, "Ngazi zile zina moto gani," akarudi kwenye karanga zake. Siku iliyofuata nilikuja nimejiandaa vizuri zaidi.

Wale wawili waliokuwa porini na mume wake walirudi katikati ya wiki, saa za mchana, na madumu yao ya asali juu ya baiskeli. Nilikuwa ndani nafunga waya wa spika. Nilisikia nje mazungumzo yamekatika, nikachungulia. Wale wanaume walikuwa wamesimama mbele ya dada, kofia mkononi, na yeye alikuwa bado ameshika koni ya gazeti yenye karanga za mteja.

Walimweleza polepole. Mume wake alimfuata yule ndege anayeonyesha asali, asubuhi, peke yake, na shoka na kamba. Hakurudi kambini. Walimwita, wakawasha moto wa majani mabichi ili aone moshi, wakafuata nyayo zake mpaka kwenye njia ya tembo, ambako nyayo zote zilivurugwa. Walikaa wakimtafuta mpaka chakula kikaisha.

"Mmeona damu?" dada aliuliza.

"Hatujaona."

"Shoka lake?"

"Hatujaona."

Akamalizia kumpa mteja karanga zake. Kisha akakaa chini.

Ndugu wa dada walikusanyika, wakaingia msituni pamoja na askari wa hifadhi. Walirudi bila kitu, wakajipanga upya, wakaingia tena kwa njia nyingine. Kila mtu Majengo alikuwa na hadithi yake: simba, tembo, shimo la kunasia nyati. Walizisema kwa sauti ndogo, lakini baraza letu lilikuwa fupi na dada alikuwa na masikio.

Nilidhani hatakuja kuuza. Alikuja kesho yake. Nilimwambia, "Dada, si ungepumzika nyumbani."

"Nyumbani kila pikipiki ikipunguza mwendo naona ni ya kwangu," alisema. "Hapa ziko nyingi, haziwezi kuwa zangu zote."

Tangu hapo kazi yangu ilibadilika. Nilijua kuna mtu mmoja nje ambaye hasikilizi gemu. Maswali yake yalikuwa yale yale, lakini hayakuwa tena ya yule mwanamke. "Huko juu usiku kuna baridi?" Nikasema amepata gunia la kujifunika. "Anajua kwamba anatafutwa?" Nikasema anajua, anasikia vishindo vya ngazi. "Akichoka?" Nikasema analala kidogo, akiamka anaendelea. Nilimpa mwanamke wa kwenye mnara shughuli ambazo Wajapani hawakumpa: anaficha chakula kwenye ule mkanda mpana wa vazi lake la Kijapani, analiongelesha dude ili lisinzie, anakumbuka njia aliyopitishwa. Kule kunyanyua mikono nikasema ni ishara, anamwonyesha mume wake ngazi gani ni nzima. Vijana walipenda. Wengine walianza kumshangilia yeye kuliko yule wa kofia.

Lakini nilikuwa naogopa. Kila moyo ulipopasuka kwenye skrini nilikuwa natafuta maneno ya haraka ya kuuziba. "Bado kidogo," nilikuwa nasema. "Amemwona. Si mmeona amemwona?" Ghorofa zilikuwa nyingi, na kila mwisho wa ghorofa ulikuwa ule ule: anafika, anakosa. Ukiwa mtu wa kawaida unacheka. Ukiwa na mtu wako porini, sijui unafanyaje. Sikuthubutu kumgeukia nimwone anavyotazama.

Aliyekuwa anapanda zaidi ya wote ni dereva mmoja wa bodaboda wa Makanyagio, mkimya, mwenye viganja vikubwa, ambaye alikishika kirungu kwa vidole viwili tu kana kwamba kitavunjika. Alikuwa akija mchana biashara ikipoa. Wiki baada ya wiki aliongeza ghorofa. Alipofika mahali ambapo nyuma ya mnara zilianza kuonekana nyota na mwezi, kila mtu alielewa kwamba juu hakuna tena pa kupanda. Bosi akaandika kwa mkaa kwenye ubao wa nje: Jumapili baada ya ibada, mwisho wa gemu.

Nilimfuata bosi. "Acha jamaa amalize kwanza tukiwa wenyewe. Nijue kinachokuja."

"Ukijua utatangaza kama mtu anayejua. Watu watasikia."

"Na ukiwa mwisho mbaya?"

"Gemu gani ina mwisho mbaya? Mtu anaokoa mke wake."

Sikuweza kumweleza. Mimi nimetafsiri filamu nyingi, najua kwamba watu wa mbali wana namna zao za kumaliza hadithi, na nyingine zinaisha mtu akiwa amekaa peke yake ufukweni, muziki unalia, majina yanapanda. Jumamosi nilikwenda barazani nikachuchumaa mbele ya sinia la karanga.

"Dada, kesho usije."

"Kwa nini?"

"Siujui mwisho wake."

Alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha. "Na mimi wangu siujui," alisema. "Nitakuja."

Jumapili kibanda kilijaa mpaka ukuta wa mabati ukawa unapumua. Waliotoka kanisani walikuja na nguo zao nzuri. Bosi aliweka kitambaa kibichi juu ya transfoma, fundi redio akamwambia akitoe haraka kabla hajatuua wote, akakitoa. Dada alikuwa mlangoni, mahali pake, sinia magotini. Nilimwona kaka yake amesimama nyuma yake. Alikuwa ametoka msituni siku hiyo hiyo, buti zimejaa vumbi, na kwa jinsi alivyosimama nilijua hakuleta kitu.

Dereva alianza. Ghorofa za chini alizipita kama mtu anayepita uani kwake. Mimi nilisema maneno yangu, lakini sauti ilikuwa inatoka kavu na mara mbili nililiita dude kwa Kirundi bila kujua. Kwenye ghorofa ya nyota alipoteza roho moja mara moja. Watu wakavuta pumzi. Akapoteza ya pili. Vyungu vilikuwa vinakuja kwa mfululizo, na alichobaki nacho kilikuwa roho moja na vile vidole viwili.

Sikutafsiri tena. Nilishusha maiki bila kukusudia. Kulikuwa na mlio wa mashine tu na watu wakipumua.

Alifika. Ngazi ya mwisho ilikuwa nyembamba, dude likaruka kumfuata, ubao ukakatika chini yake, likaanguka ghorofa baada ya ghorofa mpaka likatoka kwenye skrini. Mwanamke akashusha mikono yake. Kwa mara ya kwanza akatembea. Alitembea hatua chache fupi kwenda kwa mume wake, moyo ukatokea juu yao, na haukupasuka. Kibanda kikalipuka kwa kelele. Benchi moja lilivunjika.

Kisha zikaja herufi za Kijapani, mstari mmoja, na skrini ikawa nyeusi. Kabla kelele hazijaisha, ikawaka tena. Mwanamume na mke wake wameketi, bakuli katikati. Paa likapasuka. Mkono mwekundu ukaingia.

Baadaye sana nilikuja kujua kwamba magemu mengi ya zamani yalitengenezwa hivyo. Hayakuwa na mwisho. Ukimaliza unarudishwa mwanzo na vyungu vinakuja kwa kasi zaidi, kwa sababu mashine ilitaka uendelee kucheza. Siku ile sikujua. Dereva aliachia kirungu, akageuka kunitazama. Bosi akanitazama. Kila mtu kwenye mabenchi aligeuza shingo.

Dada ndiye aliyesema. "Kwa hiyo hakumpata."

Nilikuwa na maiki mkononi na sikukumbuka kuipandisha. Nilimjibu hivi hivi, kwa mdomo.

"Amempata. Tumeona wote. Amempata, wamekwenda nyumbani."

"Na hawa?"

"Hawa ni wengine. Mashine ina sura mbili tu za watu, kila anayechukuliwa anapewa sura hiyo hiyo. Wale wa kwanza wamekwisha kupatana. Hii ni shida ya watu wengine."

Dada alitazama skrini, ambako kiatu kimoja kilikuwa kimebaki chini na hakuna aliyekuwa anakicheza kirungu, na yule mwanamume mdogo alikuwa anasubiri. Kisha akainuka, akapanga koni zake kwenye sinia, akaondoka na kaka yake. Niliwafuata kwa macho mpaka wakakata kona. Nilikaa siku zilizofuata nikijiuliza kama nimemsaidia au nimempa mzigo wa kubeba, kwa sababu hakuja tena kuuza, na mahali pake pale mlangoni palikaa wazi.

Mume wake alipatikana. Aliletwa hadi barabarani na familia ya Wasukuma, amelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, mguu umefungwa kwa vipande vya gome la mti. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti akiwa anarina, mguu ukavunjika, akatambaa mpaka kwenye bwawa la matope, na pale ndipo wachungaji walimkuta. Wale watu walikuwa wamechunga mahali ambapo hawakuruhusiwa kuchunga. Walimpa maziwa, wakamkanda, wakamficha pamoja na wao, wakiogopa kwamba wakimtoa mapema wataulizwa walimkuta wapi. Walimtoa baada ya kuwahamisha ng'ombe wao. Kwa hiyo siku zile zote tulizokuwa tunamzika midomoni, alikuwa anakunywa maziwa na kusikia helikopta ya askari wa hifadhi ikipita, na hawezi kuita.

Mguu haukupona vizuri. Hospitali walijaribu kuunyoosha, lakini ulikuwa umeshajiunga wenyewe kwa upande. Hakurudi tena msituni.

Nilikwenda kumsalimia Makanyagio alipopata nafuu. Nilimkuta uani, amekaa kwenye gogo, mguu mbaya umenyooshwa mbele, anachonga mzinga wa nyuki wa kuwauzia wengine. Dada alikuwa jikoni. Alinitolea kiti, akanisalimia kwa furaha, lakini nilipogusia siku zile alisema ana ugali motoni, akaondoka.

"Hataki kuongea habari hizo," mume wake alisema. "Mimi nikitaka kumsimulia nilivyokaa kule, ananiambia anajua. Nikamwuliza anajuaje. Anasema nilijifunika gunia. Kweli nilijifunika gunia, la wale Wasukuma. Nani alimwambia?"

Nikatazama patasi yake.

"Ndipo akanitajia wewe," aliendelea. "Anasema DJ wa Majengo alimwambia nitarudi."

"Mimi sikusema hivyo, kaka. Nilikuwa nasema habari za gemu."

"Hukusema?"

"Hapana."

Alipuliza vumbi la mti kutoka ndani ya mzinga. "Basi usimwambie kwamba hukusema," akasema, akainamisha patasi, akaendelea kuchonga.